Daftari la Ndoa na Parokia Zilizopotea

Leo nataka tuzungumze juu ya kitabu ambacho wengi wetu tumeandikwa ndani yake, lakini wachache sana wamekifungua. Si kitabu cha hadithi, wala si kitabu cha sala. Ni daftari la ndoa la parokia.

Tuseme yuko mama mjane katika kijiji kimoja cha Ihangiro, huku kwetu Muleba. Mumewe amefariki, na kibanja kimebaki pamoja na migomba na mibuni yake. Matanga hayajaisha, wanakuja ndugu za marehemu, na mmoja wao anasema, "Huyu hakuwa mke wa ndoa. Alikaa tu." Wazee waliokunywa rubisi siku ya arusi wamekufa. Mshenga amekufa. Cheti kilichowekwa chini ya kitanda kimeliwa na mchwa. Je, mama huyu atasimama barazani na shahidi gani?

Anaye shahidi mmoja asiyezeeka. Ni mstari wa wino katika daftari la parokia, ulioandikwa siku ile ile ya arusi na padre ambaye hakujua kwamba iko siku utagombewa. Mstari huo una jina lake, jina la mumewe, majina ya wazazi wao, majina ya mashahidi wawili, na tarehe. Mstari huo hauna shangazi wala mjomba, hauli rushwa, wala hausahau.

Lakini je, daftari lenyewe likipotea? Hilo ndilo neno ninalotaka tulifikiri pamoja leo.

Kwanza tujue daftari hili lilitoka wapi. Zamani katika nchi za Ulaya ndoa nyingi zilifungwa kwa maneno matupu. Mwanamume na mwanamke walipeana ahadi, mara nyingine pasipo padre wala shahidi, na baadaye mwanamume aliweza kukana ahadi yake na kuoa mwingine. Ili kuondoa uovu huo, Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kwamba arusi itangazwe kanisani mara tatu. Kwamba ifungwe mbele ya padre wa parokia na mashahidi wawili au watatu. Na kwamba padre awe na daftari, aandike humo majina ya wenye kuoana na ya mashahidi, pamoja na siku na mahali. Uingereza, iliyokuwa imekwisha kuachana na Roma, ilikuwa na amri yake yenyewe. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko.

Mwaka 1908 Kanisa Katoliki lilianza kutumia amri nyingine, ambayo faida yake twaiona hata leo. Kwa amri hiyo haitoshi kuiandika ndoa mahali ilipofungwa tu. Sharti itiwe pia kando ya jina la mtu katika daftari la ubatizo wake. Mathalani, msichana aliyebatizwa Rubya akiolewa Kashozi, padre wa Kashozi huiandika ndoa katika daftari lake, kisha hupeleka habari Rubya, nako huandikwa pembeni mwa jina la ubatizo. Shabaha ya kwanza ilikuwa kumzuia mtu asioe hapa na kuoa tena kule. Walakini imeleta na faida ya pili: ndoa moja ina makao mawili. Moto ukiunguza daftari moja, lile la pili laweza kusema.

Basi sasa tutazame yatokeayo parokia inapopotea. Nitawapa mifano miwili. Mmoja ni wa pwani ya Afrika yetu, mji wa Mombasa. Wa pili ni wa Ulaya, mji wa London. Zote mbili zilikuwa parokia za ndani ya mji, kati ya nyumba na maduka, na zote mbili hazipo tena. Lakini kati yao iko tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo fundisho letu.

Twende kwanza Mombasa. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na karibu na mwisho wa karne ile mapadre wa Shirika la Mtakatifu Agostino wakajenga nyumba na kanisa lao mjini, si mbali na ngome. Wakawako Mombasa Wakristo wa Kireno, na Wakristo wa Kiafrika, na watoto wa mchanganyiko wao. Walibatizwa, walioana, wakazikwa, kama watu wa parokia yo yote.

Wakati huo mfalme wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, aligombana na kapiteni Mreno wa ngome, na mwaka 1614 akauawa. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa bado mtoto mdogo, alipelekwa Goa katika Bara Hindi, akalelewa na mapadre wa Agostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akaoa huko mke Mkristo. Mwaka 1626 aliwekwa kuwa mfalme mahali pa baba yake. Lakini Wareno wa Mombasa hawakumheshimu kama mfalme, naye hakuisahau damu ya baba yake. Alionekana akisali kaburini pa baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na kapiteni akataka kumshitaki Goa. Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni, akamwua kapiteni Pedro Leitão de Gamboa, na watu wake wakawaangukia Wakristo wa mji. Wengi walikimbilia nyumba ya mapadre, lakini hawakupona. Waliuawa mapadre, waliuawa Wareno, waliuawa na Waafrika waliokataa kuiacha dini yao.

Simwelezi Yusuf ili tumhukumu. Baba yake aliuawa, naye akaua. Na wasiokuwa na hatia wakafa kati ya visasi viwili. Ninalotaka mlitazame ni jambo jingine. Mwaka 1632 Kanisa lilifanya uchunguzi huko Goa, likawaita watu walioponyoka na wengine waliozijua habari zile, wakaapishwa, wakaulizwa: Nani aliuawa? Alikuwa mke wa nani? Alikuwa mtoto wa nani? Alisema nini kabla ya kufa? Majibu yao yaliandikwa, na mengi tuyajuayo leo juu ya Wakristo wale yametoka katika majibu hayo.

Fikirini maana yake. Watu wa parokia ile wanajulikana kwa kufa kwao kuliko kwa kuishi kwao. Twajua jinsi walivyouawa. Lakini siku ya arusi zao, na nani alisimama shahidi, na nani alicheka na nani alilia kwa furaha, hayo hatuyasomi. Aliyekumbukwa na shahidi wa Goa, jina lake limebaki. Asiyekumbukwa, ni kama hakuzaliwa. Wareno waliurudia mji mwaka ule ule wa 1632, lakini tangu Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome, wakaitwaa Desemba 1698, na maisha ya parokia ile yakakoma. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, walianza daftari jipya kutoka ukurasa wa kwanza.

Sasa tuvuke bahari, twende London, tutazame parokia ya pili. Palikuwa na kanisa dogo la Mtakatifu Olave katika mtaa ulioitwa Silver Street, ndani ya ukuta wa mji wa kale. Katika mtaa huo alikaa Mfaransa mmoja, Christopher Mountjoy, fundi wa kutengeneza mapambo ya kichwa ya wanawake wenye cheo. Alikuwa na binti jina lake Mary, na kijana aliyejifunza kazi kwake, jina lake Stephen Bellott. Tena katika nyumba hiyo alipanga chumba mtu mmoja mwandishi wa michezo ya kuigiza. Ninyi wanafunzi mnamjua, kwa maana Mwalimu Nyerere alitafsiri michezo yake miwili kwa Kiswahili, mmoja ukapigwa chapa mwaka 1963 na mwingine mwaka 1969. Ndiye William Shakespeare.

Mama yake Mary alipenda kijana Stephen amwoe binti yake, lakini kijana alisitasita. Basi mama akamwomba mpangaji wake aseme naye. Kwa hiyo Shakespeare, mtu mwenye sifa duniani pote, alifanya kazi ambayo kila Mhaya aijua: alikuwa mshenga! Akaenda kwa kijana, akamweleza mema ya binti, akamweleza na mali ambayo baba mkwe angetoa. Yafaa mjue kwamba desturi yao ilikuwa kinyume cha yetu. Kwetu mahari hutolewa na upande wa mume. Kwao baba wa binti ndiye aliyempa mkwewe mali ya kuanzia nyumba. Kijana akakubali. Tarehe 19 Novemba 1604 Stephen na Mary walioana katika kanisa la Mtakatifu Olave, na ndoa yao ikaandikwa katika daftari.

Baada ya arusi yakaja matata. Stephen alidai kwamba aliahidiwa pauni 60 mara moja, na pauni 200 baba mkwe atakapokufa. Baba mkwe akakana. Shauri likafika mahakamani mwaka 1612, na mashahidi wakaitwa, na mshenga naye akaitwa. Tarehe 11 Mei 1612 Shakespeare alitoa ushahidi wake. Alikubali kwamba aliombwa kumshawishi kijana. Alikubali kwamba mali iliahidiwa. Lakini alipoulizwa ni kiasi gani, alisema hakumbuki. Angalieni: mtu mwenye akili ya kutunga michezo zaidi ya thelathini, na baada ya miaka minane hakumbuki hesabu ya mahari! Mahakama ilishindwa kukata neno, ikalitupa shauri kwa wazee wa kanisa la Wafaransa wa London, nao wakaamua Stephen alipwe fedha isiyofika pauni 7. Mwaka uliofuata baba mkwe alikuwa bado hajalipa hata hizo.

Mwaka 1666, mwezi wa Septemba, moto mkubwa uliteketeza mji wa London kwa siku nne. Makanisa ya parokia 87 yaliungua, na la Mtakatifu Olave lilikuwa moja la hayo. Halikujengwa tena. Watu wake waliunganishwa na parokia jirani ya Mtakatifu Alban, katika mtaa wa Wood Street. Katika vita kuu ya pili, usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, mabomu ya Wajerumani yaliangukia sehemu ile ile. Kanisa la Mtakatifu Alban nalo likaungua, ukabaki mnara peke yake, na mtaa wa Silver Street ukateketea kabisa. Leo mahali pa kanisa la Olave pana bustani ndogo, na magari yapita karibu.

Basi parokia hiyo imepotea mara mbili: kwanza kanisa, kisha na mtaa wenyewe. Lakini daftari lake halikuungua. Mwaka 1909 mwalimu Mmarekani Charles William Wallace na mkewe Hulda, walipokuwa wakipekua hati za kale za mahakama, walizikuta karatasi za shauri lile la mahari. Karatasi za mahakama zilieleza ugomvi. Daftari la parokia liliitoa siku ya ndoa. Hati mbili, zilizowekwa mahali mbalimbali na watu wasiojuana, zikashikana mikono baada ya miaka mia tatu.

Sasa mmeiona tofauti. Mombasa kuta zilianguka na sauti ya watu ikaanguka pamoja nazo, isipokuwa ile iliyookolewa Goa. London kuta zilianguka, lakini watu wa parokia bado wanasema. Kwa hiyo nasema hivi: parokia haifi siku kanisa lake linapobomoka, hufa siku daftari lake linapopotea.

Na mtaona tena neno la pili. Daftari la Mtakatifu Olave lilihifadhi ndoa, lakini halikuhifadhi mahari, kwa kuwa mahari haikuandikwa humo. Ndiyo sababu hakuna aliyebisha kwamba Mary alikuwa mke wa Stephen, bali walibishana juu ya fedha hata wakachoka. Kilichoandikwa kilisimama, kilichoachwa mdomoni kilipeperuka.

Turudi sasa nyumbani. Mapadre Weupe walianza misioni ya Kashozi mwaka 1892, na seminari ya Rubya ilianza mwaka 1904. Madaftari ya misioni zetu za kale, basi, yana umri wa zaidi ya miaka mia moja. Yameandikwa na mikono ya watu wa mataifa mengi, na baadaye na mikono ya mapadre wazalendo. Ni hazina, lakini hazina hiyo ina adui. Mchwa ni adui. Unyevu wa Ziwa ni adui. Paa linalovuja ni adui. Na tarehe 10 Septemba 2016 tulijifunza kwamba hata ardhi yaweza kuwa adui, tetemeko lilipoupiga mkoa wetu wa Kagera, likaua watu, likaangusha nyumba nyingi, na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato.

Wakale waliliona jambo hili. Kanuni za Kanisa za mwaka 1917 ziliagiza kila padre wa parokia apeleke nakala ya madaftari yake kwa askofu kila mwisho wa mwaka. Waingereza nao walikuwa na agizo la namna hiyo tangu mwaka 1598. Hekima yake ni ile ile ya mkulima asiyeweka mbegu zote katika ghala moja.

Kwa hiyo yatupasa kufanya nini, sisi tusio mapadre wala makarani? Nitawaambia mambo manne.

La kwanza, tazameni majina yenu. Kwetu jina moja huandikwa kwa njia mbili. Mmoja huandika Rwegasira, mwingine Lwegasira. Padre mgeni aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Ukitafuta jina lako daftarini na hulioni penye R, usikate tamaa, tafuta na penye L. Na siku ya kuandikwa kwako, usione haya kumwomba mwandishi akusomee alichoandika.

La pili, shikeni jina la parokia, siyo la jimbo peke yake, kwa sababu majina ya majimbo hubadilika. Hapa kwetu Muleba palikuwa na makao ya askofu huko Rutabo. Askofu Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu, aliwekwa huko mwaka 1952, na mwaka 1953 likaitwa Jimbo la Rutabo. Mwaka 1960 jimbo hilo likabadilishwa jina, likaitwa Bukoba. Na lile lililokuwa likiitwa Bukoba likaitwa Rulenge. Basi mtu mwenye cheti cha mwaka 1955 kilichoandikwa "Jimbo la Bukoba" asidhani kwamba ndilo Bukoba ya leo. Atazame jina la parokia, aende huko.

La tatu, chukueni cheti cha ndoa na kukitunza vema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka kila ndoa iandikishwe. Ni kweli kwamba ndoa halali haivunjiki kwa sababu tu haikuandikishwa. Lakini asiye na cheti itambidi atafute ushahidi mwingine, na ushahidi wa vinywa tumekwisha kuuona ulivyomshinda Shakespeare. Kifungeni cheti katika kitu kisichopenya maji, na nakala yake iwe katika nyumba nyingine, kwa mtoto aliyeolewa mbali au kwa ndugu mwaminifu.

La nne, andikeni mahari. Siku mnapokubaliana, karatasi moja yatosha: kilichotolewa, kilichobaki, tarehe, na sahihi za mashahidi wa pande mbili. Kila upande ushike nakala yake. Wako wasemao kwamba kuandika ni kutoaminiana. Mimi nasema sivyo. Twaandika kwa sababu twajua kwamba tutakufa, na watoto wetu watabaki na maneno tuliyoyaacha.

Na ninyi wanafunzi, likizo ijayo, mwulizeni bibi yenu aliolewa mwaka gani, kanisa gani, na nani alisimama shahidi wake. Yaandikeni majibu yake kwa wino. Kisha mwende parokiani kwa adabu, mwombe padre awatazamie katika daftari. Mkiona mstari ule unakubaliana na kinywa cha bibi, mtafurahi. Mkiona daftari halipo, au limeliwa, basi karatasi mliyoiandika ninyi imekuwa shahidi, nanyi mmefanya kazi ile iliyofanywa Goa mwaka 1632, ila ninyi mmeifanya bibi akiwa hai, ameketi mbele yenu, anacheka.

Yule mama mjane wa Ihangiro tuliyeanza naye hahitaji mengi. Anahitaji mstari mmoja. Tuutunze mstari huo.